Nilimsingizia Wizi Eunice Ili Nifiche Bangi ya Mume Wangu

Nimemdhulumu mtu, na sina tena pa kumpa haki yake. Nnaanza na hilo kabisa, usije ukanionea huruma mwanzoni ukafika katikati ukajuta.

Mie ni mwanamke wa Kiomani, mzaliwa wa Unguja, nimeletwa Maskati nikiwa mtoto. Ndani tukisema Kiswahili, nje Kiarabu. Nilikuwa na kazi nzuri katika wizara moja pale Al Khuwair, watu wakiniinukia nikiingia. Majina yote humu nimeyabadilisha. Makosa sikubadilisha hata moja.

Yalinikuta mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, pale mume wangu alipopata saratani.

Nitamwita Salum. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mcheshi, mnene, mpenda kula. Ukimwekea wali na papa wa nazi alikuwa hasemi na mtu mpaka sahani ing'are. Saratani ikamwanza tumboni. Madaktari wakamkata, kisha wakawa wanamtundikia dawa. Jamani, dawa zile! Akirudi hospitali alikuwa anatapika hata maji. Hata harufu ya kitunguu jikoni kwa jirani ilikuwa inamtapisha. Akawa mtu wa kubebwa. Mie n'kawa nasimama mlangoni na kibakuli cha uji mkononi, sijui niingie au nirudi.

Watoto wetu walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja kwake. Nyumba yetu ya Bawshar ilikuwa kubwa, na ndani tulikuwa watatu tu: Salum, mie, na msichana wa kazi kutoka Kenya. Huyo ndiye Eunice.

Eunice alikuwa ametokea kwao magharibi ya Kenya, binti wa mjane. Kiswahili chake kilikuwa kinanichekesha, anasema "hiyo mlango" na "hii maji", nami nikimrekebisha kama mwalimu. Alikuwa Mkristo, na akiosha vyombo alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Siku ya kwanza nilimkataza. Salum akaniita chumbani.

"Mwache aimbe," akasema. "Nikimsikia, najua kuna mtu mzima nyumba hii."

Basi akawa anaimba. Na uji wake ndio uji pekee uliokuwa unakaa tumboni mwa Salum. Si wangu. Wa Eunice.

Sasa sikia nilivyoingia kwenye balaa.

Mtoto wa ami yake Salum, nitamwita Talib, alikuwa anaishi Uingereza. Alipokuja kumkagua mgonjwa alilia machozi. Jioni akanivuta pembeni, kwenye baraza ya nyuma.

"Shemegi, kuna kitu kule wagonjwa wa namna hii wanakitumia. Kinazuia kutapika. Kinaleta njaa."

"Kitu gani?"

"Bangi."

Astaghfirullah! Nilitaka nimpige kiatu. Bangi, nchi hii? Ukikamatwa na hata kipande kidogo, umekwisha wewe, na jina la ukoo wako limekwisha pamoja nawe. Mie binti wa watu, mfanyakazi wa serikali!

Lakini usiku ule Salum alitapika damu.

Asubuhi n'kamwambia Talib: "Nieleze."

Alikuwa nazo mbegu, ameziingiza ndani ya kichupa cha vidonge. Ndogo, za kijivu, na madoa kama mayai ya kware. Akanifundisha kwa siku alizokaa, kila siku kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto sala.

Mmea ule una dume na jike, kama mtende. Dawa inakaa kwenye ua la jike. Dume ukimwona mng'oe, kwani akitoa unga wake jike hushika mimba, na akishashika mimba nguvu zake zote zinakwenda kwenye mbegu. Dawa inaondoka. Yanabaki makapi.

Na kuna jambo la kiza. Mmea ule hautoi maua mpaka upewe usiku mrefu, kila siku, usiokatika. Kiza kikiguswa na mwanga, hata wa ufa, mmea unachanganyikiwa. Jike linaanza kutoa udume juu ya mwili wake mwenyewe. Linakuwa huntha.

"Utaona vitu vya njano vinachomoza katikati ya ua," Talib akaniambia, "kama vindizi vidogo. Ukiviona hivyo, jua mtu kawaingilia usiku wao."

Maneno hayo niliyashika kama aya. Ndiyo yaliyonipoteza.

Tulikuwa na stoo juu ya paa, karibu na matangi ya maji, ina kiyoyozi cha dirishani cha zamani. Talib akaniwekea taa na swichi ya saa. Joto la Maskati unalijua: taa zile zikiwaka mchana humo ndani, hata ukuta ungetokwa jasho. Basi tukageuza. Usiku wetu ukawa mchana wao, taa zinawaka baada ya Maghrib. Mchana wetu ukawa usiku wao, stoo imefungwa, kiza totoro. Mlangoni ndani nikatundika pazia jeusi zito. Kila siku nilikuwa napanda kuwatazama baada ya Maghrib tu, taa zikishawaka. Mchana sikugusa kitasa, wallahi, hata siku za mapumziko.

Eunice nikamwambia: "Stoo ya juu kuna dawa za bwana. Usiifungue. Ukianika nguo, anika na ushuke."

"Sawa, madam." Hakuuliza kitu. Sijui kama alijua. Harufu ilikuwa haifichiki, lakini hakuuliza.

Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa baridi. Ikatoka vizuri! Mimea michache tu, maua yamejaa, yananata. Nikamtayarishia kama nilivyofundishwa, nikamtilia kidogo kwenye halwa. Salum alijua anachokula. Alinitazama akasema, "Mama Hilal, wewe ndiye wa kunifanya mvuta bangi uzeeni?" Tukacheka mpaka akashika tumbo.

Siku ile alikula. Alikula wali na papa, akaomba tena! Nilikwenda chooni nikalia nikiwa nimejiziba mdomo kwa mtandio. Eunice akanikuta naosha uso, akadhani bwana kafa. "Hapana," n'kamwambia, "bwana anakula." Naye akalia. Tukashikana pale mlangoni mwa choo, mie na yeye, tunalia na kucheka.

Ukumbuke hilo utakaposoma yanayokuja.

Dawa ya kwanza ilikuwa inakaribia kwisha, nikapanda tena, mbegu zilezile za kwenye kichupa. Sasa ilikuwa joto limeshaingia. Mimea ikakua vizuri, ikaanza kutoa maua, na mie nikawa nahesabu kwa vidole lini itakuwa tayari, kwa sababu Salum alikuwa ameshaanza kutapika upya na halwa imebaki kipande.

Jioni moja nikapanda, nikawasha tochi nitazame kwa karibu.

Vindizi vya njano.

Katikati ya ua, vimechomoza, vitatu vinne pamoja. Nikatazama mmea wa pili, vipo. Wa tatu, vipo. Nikapasua ua moja kwa kucha, ndani mna mbegu changa, nyeupe, laini. Nikapasua jengine. Mbegu. Nikakaa kwenye sakafu.

Unaijua hali ya mtu anayeona chakula cha mgonjwa wake kinamwagika mbele ya macho yake? Sikuwa na pa kwenda kununua. Sikuwa na wa kumuuliza. Kwenye simu nilikuwa naogopa hata kulitaja neno lenyewe. Nilikuwa na maneno ya Talib tu: mtu kawaingilia usiku wao.

Na pale sakafuni nikaona kibanio cha nguo. Cha plastiki, cha bluu. Vilevile anavyoanikia Eunice.

Moto ukanipanda.

Kesho yake sikwenda kazini. Nikamwita jikoni. Alikuwa anakoroga uji wa Salum.

"Umefungua stoo ya juu?"

"Hapana, madam."

"Usinidanganye! Umeifungua mchana. Umeingia."

"Madam, Mungu ananiona, mimi sijafungua hiyo mlango. Huwa naenda tu kuanika mashuka na narudi."

Nikamrushia kile kibanio juu ya meza. "Hiki kimeingiaje ndani? Kimeota miguu?"

Akakiokota, akakitazama. Kisha akasema polepole, kwa adabu kabisa:

"Lakini madam, si ni wewe ulichukua vibanio kwa kikapu ile siku ulikuwa unafunga pazia? Ulichukua za bluu. Mimi ndio nilikuletea."

Nikampiga kofi.

Nisikilizeni, hapa ndipo penyewe. Sikumpiga kwa sababu alikuwa anasema uongo. Nilimpiga kwa sababu pale pale nilikumbuka. Nilijiona juu ya kiti, kibanio mdomoni, nashika pazia, na Eunice chini ananipa chengine. Nilikumbuka yote! Na mkono ukaenda wenyewe. Mkono wangu haukutaka kusikia kilichosemwa na kichwa changu.

Angenijibu vibaya, labda ningejirudi. Hakunijibu. Alishika shavu, akazima jiko ili uji usiungue, akaingia chumbani kwake.

Nikabaki pale jikoni na kosa langu. Na badala ya kumfuata, khofu ikanishika. Nikaanza kufikiri: msichana huyu kapigwa bila ya sababu. Anaijua stoo. Atakwenda kanisani Ijumaa, maana huku hata Wakristo husali siku hiyo ya mapumziko, atawahadithia wenzake. Mmoja atamwambia kafili wake, tajiri aliyemdhamini. Askari watakuja. Salum atachukuliwa na kitanda chake. Shetani hana haja ya kukusukuma, wewe mwenyewe unampisha njia.

Nikampigia simu mtu wa maktabu, ile ofisi ya wasichana wa kazi iliyomleta. Nikamwambia njoo umchukue. Akauliza, ana kosa gani? Ndiyo desturi, lazima useme kosa.

Ningesema nini? Kaharibu bangi yangu?

Nikasema: "Ameiba. Bangili yangu ya dhahabu."

Neno jepesi kweli! Halikunikwama hata kidogo.

"Nimwite polisi?" akauliza.

"Hapana, hapana," nikasema haraka. "Mgonjwa wangu hataki makelele. Mrudishe kwao tu."

"Basi mie nitawaambia wenzangu wa Nairobi wasimpeleke popote tena. Mwizi ni mwizi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kitu, nikanyamaza.

Alikuja adhuhuri. Eunice akatolewa na begi lake, likafunguliwa sebuleni mbele yangu, likapekuliwa. Kanga mbili, Biblia, sabuni, picha ya mama yake. Bangili haikuonekana, bila ya shaka, kwani ilikuwa kabatini kwangu. Yule mtu akasema atakuwa ameshaitoa nje. Eunice alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa ananitazama mie.

"Madam, waambie ukweli."

Hivyo tu. Nikageuza uso nikatazama kiyoyozi.

"Mwambie bwana nimemwachia uji," akasema, akatoka.

Salum aliamka Alasiri. Nyumba kimya.

"Eunice yuko wapi?"

"Nimemrudisha. Aliniibia bangili."

Akanitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa makubwa siku zile, uso umebaki mifupa.

"Bangili gani?"

"Ile ya harusi ya Hilal."

"Ile uliyovaa juzi kwa wageni?"

Nikaanza kukunja shuka lake.

"Mama Hilal, mie naumwa tumbo. Siumwi macho."

Nikaanguka kwenye miguu yake, nikamweleza kila kitu, vindizi, kibanio, kofi. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisema tu, "Kamrudishe mtoto wa watu," akageukia ukutani.

Kulipokucha nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa yule mtu wa maktabu. Nikamwambia bangili imeonekana, nilikosea, nnamtaka msichana wangu. Akatikisa kichwa. "Bibi, mbona hukusema mapema? Kulikuwa na nafasi kwenye ndege ya alfajiri. Keshaondoka."

"Basi waambie wa Nairobi kwamba si mwizi!"

"Nitawaambia," akasema, huku anapokea simu nyengine. Nilijua kwa jicho lake kwamba hatawaambia. Kwake yeye ilikuwa faili limefungwa. Nikarudi wiki iliyofuata, nikarudi tena. Mara ya mwisho nikakuta mlango umefungwa, na duka la kushona limeingia mahali pake.

Salum hakukubali tena kuigusa halwa, hata kile kipande cha dawa nzuri kilichobaki. "Kimeshamla mtu hicho," alisema. "Sikitaki." Akawa anatapika na kunyamaza. Uji nikawa naupika mie. Alikuwa anaonja kijiko kimoja kwa ajili yangu, kisha anausogeza.

Ijumaa moja, mchana, wanaume wamekwenda kusali, nikapanda juu kuing'oa ile mimea niitupe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia mle mchana. Nikafunga mlango nyuma yangu ili mtu asinione kutoka paa la jirani, pazia likaanguka, na kabla sijawasha tochi nikaona.

Mwanga. Uzi wa jua, mwembamba, mweupe, umepita kiza chote kutoka kwenye kiyoyozi mpaka juu ya maua. Nikaufuata kwa mkono. Pembeni ya kiyoyozi tulikuwa tumeziba kwa sponji wakati wa baridi. Jua la kiangazi limeikausha, imesinyaa, imekatika vipande kama mkate mkavu. Kila mchana jua lilikuwa linaingia pale, linatembea juu ya mimea, mmoja baada ya mwengine, na mie niko ofisini Al Khuwair nakunywa kahawa. Jioni nikija, jua limeshazama. Nisingeuona mwanga ule hata kwa mwaka mzima!

Nilikaa humo mpaka uzi ule ukahamia ukutani. Nilikuwa na maji ya kutosha mwilini kulia, lakini sikulia. Nilikuwa kama gogo.

Salum alifariki kabla ya joto kwisha. Nilikuwa nimemshika mkono. Sikupata nafasi ya kumwambia Eunice amerudi, na hakuniuliza tena.

Talib alikuja kwa ajili ya matanga. Siku ya tatu watu walipopungua nikamweleza kwenye baraza ileile: vindizi, sponji, jua. Nilitaka aniambie kwamba kosa lilikuwa la mwanga, basi. Nilikuwa nimeshajizoesha kulibeba hilo.

Akainama, akawa anasugua viganja.

"Shemegi, nikuambie kweli? Zile mbegu hazikuwa nzuri. Mie nilizichambua kwenye bangi niliyonunua huko. Baadaye nikapanda nyengine kwangu, kwenye kabati lisilo na tundu hata la sindano. Nazo zilitoa vindizi. Si zote, lakini zilitoa. Mbegu ile mama yake alikuwa huntha, ndiyo maana alizaa bila ya dume. Na mwana hutazama kisogo cha nina."

"Kwa hivyo hata ningeliziba lile tundu...?"

"Huenda zingetulia, kama mara ya kwanza. Huenda zisingetulia. Damu ilikuwa nayo tangu zamani, mwanga umeiamsha tu. Hapana anayeweza kukuambia."

Hapana anayeweza kuniambia! Nimemfukuza mtu kwa jambo ambalo huenda lilikuwa limeshaandikwa ndani ya mbegu kabla haijatua uwanja wa ndege. Nilitafuta mkono uliofungua mlango, na mlango haukufunguliwa. Wa kulaumiwa alikuwa ufa, na punje, na jua la Mwenyezi Mungu. Ni nani ningempiga kofi hapo?

Miaka ikapita. Nikastaafu mapema. Msichana mwengine sikuchukua, nafua mwenyewe.

Siku moja nilikwenda kutiwa hina Al Khuwair, dada aliyekuwa ananishika mkono alikuwa Mkenya. Tukaongea, nikasikia "hiyo mlango". Nikamuuliza kwao wapi, akataja, ni upande ule ule. Nikamtajia jina kamili la Eunice na kanisa lao kama nilivyolikumbuka. Akasema ataulizia. Ilichukua muda mrefu, nikawa nakwenda kutiwa hina ambayo siihitaji, mpaka siku moja akanipa nambari.

Nilipiga nikiwa nimekaa kitandani upande wa Salum.

"Hello?" Sauti ileile, imekuwa nzito kidogo.

"Eunice. Mie ni... mie ni Mama Hilal. Wa Maskati."

Nikasikia kuku nyuma yake, na mtu anapasua kuni.

"Madam."

"Nakuomba radhi, mwanangu. Nilikusingizia. Nilikuwa najua. Siku ile ile nilikuwa najua."

"Najua ulikuwa unajua," akasema. "Niliona kwa macho yako."

Nikamwambia nitafanya chochote. Nitaandika, nitapiga simu, nitakuja mwenyewe kwao nisimame mbele ya watu niseme hukuiba. Akaniacha nimalize. Kisha akaniuliza, "Bwana aliendelea aje?" Nikamwambia. Akavuta pumzi. "Pole. Yeye alikuwa mtu mzuri."

Halafu akanihadithia, taratibu, bila ya hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. Neno lilifika kwao kabla yake. Wa Nairobi walimwambia mtu wa kijijini aliyempeleka kwenye ofisi yao, na yule akawaambia watu. Alipofika, mama yake mzazi alimfungulia begi mbele ya nyumba, majirani wakiwa wamesimama, akatafuta dhahabu. Hakuiona, akasema mwanangu ameiuza. Tangu siku hiyo alikuwa hali kitu alicholetewa na Eunice mpaka aulize kimetoka wapi.

"Nilimwambia kila siku kwamba sikuiba. Akawa ananiambia, Eunice, mtu tajiri anaweza kukusingizia kwa nini? Atapata nini? Na mimi sikuwa na jibu, madam. Maana sikuwa najua ulipata nini."

Nikamweleza stoo ilikuwa na nini. Nilimweleza yote, mara ya kwanza kumwambia mtu asiyekuwa wa ukoo.

"Ni maua tu," akasema mwisho. "Mimi nilidhani pengine nilifanya kitu kibaya bila kujua."

"Nipe mama, nizungumze naye. Tafadhali, Eunice. Nipe mama sasa hivi."

"Mama alikufa, madam. Mwaka mmoja sasa. Alikufa akijua mimi ni mwizi." Kisha, si kwa kunikejeli, kwa kuniuliza kweli: "Sasa utamwambia nani?"

Alisema amenisamehe, alishanisamehe zamani, kwani kutosamehe kunamchosha. Akasema ana watoto wanamngojea, akaaga vizuri. Nilipopiga tena wiki nyengine simu haikupokewa, na mie sikuona kuwa nnayo haki ya kupiga mara ya tatu.

Ndugu zangu, mnaosoma haya na mna mtu chini ya paa lenu anayekula kwa mikono yenu: kikiharibika kitu, msikimbilie kutafuta aliyekiharibu. Pengine hapana aliyekiharibu. Pengine kina ila yake tangu kilipotoka, pengine ni wewe uliyeacha ufa. Na ukishamnyooshea mtu kidole, ukamwona machoni kwamba hana hatia, rudi pale pale! Usingoje hata apande gari. Mie nilingoja usiku mmoja tu, nikidhani asubuhi itanitosha, na usiku huo mmoja ulitosha kumfanya mama yule afe akiamini kazaa mwizi.